Grama ya Kiingereza kwa maandishi halisi, watoto wa miaka 8 mpaka 10: mbona yangu imegoma?

chaki_imeisha
Habari zenu walimu wenzangu na wadau wote. Nafundisha Kiingereza watoto wa miaka 8 mpaka 10, wako 34, na Kiingereza kwao ni lugha ya kigeni haswa, yaani wanakisikia kwenye kipindi changu, kengele ikilia ndo basi mpaka kesho kutwa. Majuzi nilikaa semina tukaambiwa tupunguze sentensi za kutunga za kwenye kitabu tutumie maandishi halisi, yale ambayo watu wameandika kwa shughuli zao wenyewe na sio kwa ajili ya kufundishia, eti hapo mtoto ataiona grama ikiwa hai. Nikarudi na moto wote, nikachukua habari ya michezo kwenye intaneti nikaiprinti nikagawa, lengo langu wakati uliopita, wautafute wenyewe.

Jamani. Nilianza kwa kuwaambia wapigie mstari neno wasilolijua, kosa la kwanza hilo, maana baada ya dakika tano karatasi zote zilikuwa zimepigwa mistari kama daftari jipya. Kipindi kizima nikawa natafsiri tu, tumefika sentensi ya nne muda umeisha na huo wakati uliopita hatujaugusa. Halafu kichwa cha habari kilikuwa kimeandikwa "Team to play final on Sunday", katoto kamoja kanakaa mbele kakanyoosha mkono, "mwalimu, Jumapili si bado, sasa will iko wapi?" Nikamwambia wamesahau kuiandika 🙈 Najua, najua, msinipige mawe.

Sasa naomba kuuliza. Mnaanza na grama halafu mnatafuta andishi linaloibeba, au mnaanza na andishi mnaangalia lina nini ndani? Na je mnalirahisisha? Maana nikilirahisisha naona kama limerudi kuwa la kutunga, na nisiporahisisha watoto wanazama. Nisaidieni kabla sijarudi kwenye kitabu changu na "This is a pen".

MamaDaftari
Pole mwalimu, umenichekesha hapo kwa "wamesahau kuiandika" ila hata mimi nilishajibu mabaya zaidi ya hilo. Vichwa vya habari vina grama yake ya pekee, vinaiacha "is", vinaiacha "the", vinatumia "to play" kumaanisha mchezo haujachezwa bado, na jambo la jana vinaliandika kama linatokea sasa hivi. Mtu mzima anayejua lugha anaona ni kawaida, mtoto anayeanza ndo unamvuruga kabisa. Gazeti liweke kabatini kwanza.

Nikushauri kitu, usijiulize "halisi" kwa mtu mzima, jiulize kwa mtoto wa umri huo. Mtoto wa miaka tisa ambaye Kiingereza ndo lugha ya nyumbani kwao anasoma nini kwa siku? Hasomi habari. Anasoma maelezo ya mchezo wa kete, lebo, tangazo la paka aliyepotea, kitabu cha picha, maneno ya kwenye gemu, ujumbe wa bibi yake kwenye simu. Mafupi yote hayo, na uzuri wake mengi yanarudia muundo mmoja mara nyingi, ndicho unachokitaka.

Mimi niliwaambia kila mtu aje na boksi tupu la dawa ya meno au aangalie ile lebo ya kwenye kola ya nguo aliyovaa. Tukawa na rundo mezani. Kazi ya kwanza haikuwa grama, ilikuwa kutenga tu, yanayosema fanya huku na yanayosema usifanye kule. "Do not bleach", "Do not tumble dry", "Keep out of reach of children", "Shake well before use", "Wash with similar colours". Hawakuhitaji kujua bleach ni nini ili waweke kwenye rundo sahihi, "Do not" peke yake ilitosha. Baada ya kama robo saa nikauliza yale ya usifanye yanaanzaje, darasa zima likajibu kwa pamoja. Sijaandika kanuni hata moja ubaoni.

Nyumbani wakatengeneze lebo ya kitu au mtu wanayemjua. Kuna mmoja aliandika lebo ya mdogo wake, naikumbuka yote: "Little brother. Do not open my bag. Do not shake. Hand wash only. Keep out of reach of my books." Aliibandika kweli mgongoni kwa mdogo wake, mama yao aliniambia 😂 Mwaka umepita na mpaka leo hajawahi kukosea "do not".

Ila angalizo, lebo nazo zina ukilema wake. "Shake well before use", shake nini? Kiswahili tungesema "itikise", ile "i" inashika chupa. Lebo ya Kiingereza imekitupa kitendwa chote kwa vile chupa unayo mkononi. Ukiwaacha bila kuwaambia utasikia wanakuja kukwambia "teacher, give" halafu wananyamaza. Kwa hiyo siku ya pili tulizirudishia lebo vitu vyake, "Shake the bottle", "Wash the shirt". Zoezi zuri sana hilo kwa "the", maana chupa yenyewe iko hapo wanaiona, hakuna falsafa.

kalamu_nyekundu
Mimi nitakuwa mkorofi kidogo, samahanini. Hii habari ya "halisi" naona inabebwa kama dini. Andishi halisi halikuandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wako, halijali anajua nini. Unataka wakati uliopita, unakuta ukurasa mzima una vitenzi sita na vitano kati ya hivyo ni vile vinavyobadilika ovyo, went, took, fell, thought, sasa hiyo "-ed" mtoto ataionea wapi? Grama inataka mtoto akutane na kitu mara nyingi nyingi, na kitabu cha kiada ndicho kinachoweza kukupangia hivyo.

Na hesabu iko wazi. Paul Nation, mtafiti wa kujifunza msamiati, mwaka 2006 alipiga hesabu akaona ili mtu asome gazeti au riwaya bila msaada, yaani ajue asilimia 98 ya maneno yaliyopo, anahitaji familia za maneno (neno na ndugu zake, kama play, plays, played) kama 8,000 mpaka 9,000. Hao wa mwalimu wetu wana mangapi, mia tatu? mia nne? Sasa mtoto wa maneno mia nne unampa habari ya michezo halafu unashangaa mistari imejaa karatasi. Sio kosa la watoto.

Sisemi kitabu ni kitakatifu. "This is a pen" ni sentensi ambayo sijawahi kumsikia binadamu akiisema nje ya darasa, kalamu kila mtu anaiona. Lakini angalau mtoto anaielewa na anaona "is" imekaa wapi.

ticha_wa_jioni
@kalamu_nyekundu hesabu yako sina ugomvi nayo, ila angalia vizuri, hiyo ni ya kusoma na kuelewa *kila kitu*. Nani kasema lazima waelewe kila kitu? Hapo ndipo @chaki_imeisha alipoteleza kwa maoni yangu, sio andishi peke yake, ni kazi aliyoitoa. "Pigia mstari usichokijua" inamwonyesha mtoto ujinga wake kabla hajafanya lolote. Ugumu unaupanga kwenye kazi unayompa, andishi unaliacha lilivyo. Karatasi ileile unaweza kumpa wa miaka minane na wa miaka kumi na sita, ila unawauliza vitu tofauti.

Mfano wangu ni utabiri wa hali ya hewa. Nachukua ukurasa wa hali ya hewa wa mji wowote, wa siku tano, una picha za jua na mawingu na namba za joto na chini yake sentensi fupi. "Monday will be sunny", "Rain will spread from the west", "It will be cold at night". Nagawa, swali la kwanza: mwavuli unaubeba siku gani? Hawagusi grama kabisa, wanaangalia picha na namba, wanabishana, wanapata. Swali la pili, siku gani ni nzuri kwa mpira? Wameshausoma ukurasa mara mbili hawajui kwamba wameusoma. Ndo la tatu sasa, kuna kaneno kamejirudia kila siku, katafuteni mkapake rangi. Wanaikuta "will" mara nane, tisa. Nauliza hizo siku zimeshapita? Hapana. Basi. Somo la wakati ujao limeisha na mwalimu hajaongea hata dakika tatu. Richard Schmidt, mtafiti wa kujifunza lugha, alilisema hili tangu 1990, kwamba mtu hajifunzi umbo la lugha ambalo hajalitambua kwamba lipo, asikie mara elfu kama jicho lake halijalinasa linapita tu. Rangi inalinasa.

Na hilo swali lako la kurahisisha, mimi nina sheria moja, *nakata, siandiki upya*. Ukurasa una mistari thelathini natoa mitano inayonifaa, lakini hiyo mitano naiacha kama ilivyo. Ukianza kubadilisha maneno utajikuta umetunga na usilijue. Na msihangaike sana na swali la kama bado ni halisi, Widdowson, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, mwaka 1978 alitenganisha hayo mambo mawili, andishi kutoka kwenye maisha ya watu ni jambo moja na msomaji kulitumia kwa namna inayoeleweka ni jambo jingine. Unaweza kuwa na gazeti la kweli kabisa darasani halafu unalitumia kwa kazi ya uongo, kupiga mistari kwa mfano 😅 hakuna mtu nyumbani kwake anasoma gazeti hivyo.

Kitu kingine, mpira. Ile "s" ya nafsi ya tatu inayotutoa jasho wote, he runs, she plays. Mtangazaji wa mpira wa Kiingereza anaitumia mno maana vitendo vya haraka haraka anavitangaza kwa wakati uliopo wa kawaida, he passes, he shoots, he scores. Nachukua klipu ya sekunde thelathini, mara ya kwanza wanasikiliza wakiinua mkono kila wakisikia "s" ya mwisho, vurugu tupu lakini wanasikiliza kweli. Mara ya pili nazima sauti, wao ndo watangazaji. Wana haraka, mpira haukusubiri, hakuna muda wa kutafsiri kichwani. Mtoto mmoja mkimya kabisa, wa kubembelezwa ndo aongee, siku hiyo alitangaza goli mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kugonga mlango.

Lakini msitegemee hiyo "s" iwakae kwa wiki. Roger Brown, mwanasaikolojia, alifuatilia watoto watatu wa Marekani wakijifunza lugha yao ya mama, kitabu chake kikatoka 1973, na "-ing" ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kuingia, hii "s" ya kitenzi ikaja baadaye sana. Kama wenye lugha yao inawachelewa, sisi je? Na kwetu kuna shida ya ziada, masikio yetu yamezoea nafsi mwanzoni, *a*nakimbia, *wa*nakimbia. Mimi nawaambia kitenzi chetu kinavaa kofia, cha Kiingereza kinavaa mkia, wewe unaangalia kichwani wakati mwenzio kaficha nyuma. Wanacheka, na akisahau mmoja wenzie wanapiga kelele "mkia!"

sauti_ya_nne
Nyimbo je? Mbona hamzitaji, watoto wangu bila wimbo hawaendi. Ila chunguzeni kabla, nyimbo nyingi za watu wazima zimejaa "she don't" na "ain't". Nimeshabishana na mwanafunzi nilipomsahihisha, akaniambia mwimbaji mwenyewe ni Mmarekani wewe je 😭 Nikakosa la kusema.

MamaDaftari
@sauti_ya_nne hapo mwambie tu ukweli, kwamba kuna Kiingereza cha kuimba na kuongea na marafiki na kuna cha daftari, si hata Kiswahili cha kwenye hii mada sio cha kwenye insha? Watoto wanaelewa hilo haraka kuliko sisi. Kumwambia mwimbaji amekosea ndo utabishana mpaka jioni.

chaki_imeisha
Asanteni sana, "nakata, siandiki upya" nimeiandika kwenye jalada la andalio la somo. Nitajaribu hali ya hewa Alhamisi.

Ila kuna kitu kingine kimenikaba, nilete humuhumu. Nilichukua picha za watu kwenye kurasa za nguo nikawaambia waelezee. Karibu wote wameandika "She has worn a red dress". "He has sat on a chair". Nimefundisha "is wearing" mpaka chaki ikaisha (jina langu si bure) bado wanarudi palepale. Inatoka wapi?

MamaDaftari
Inatoka mdomoni mwetu mwalimu! Kiswahili tunasema *amevaa*, *amekaa*, *amelala*, *amesimama*. Ile "-me-" tumewafundisha ni "has", amefika ni has arrived, ameandika ni has written, sasa mtoto kwa akili zake nzuri anachukua amevaa anatoa has worn. Hajakosea mantiki, kakosea lugha. Kwetu kitendo cha kuvaa kimekwisha na hali imebaki, ndo maana "-me-". Kiingereza kinaona hali inaendelea, is wearing, is sitting, is sleeping. Na ukimwambia mtoto "is wearing ni anavaa" umeongeza tatizo, maana anavaa kwetu ni yule bado anahangaika na vifungo.

Na hapo andishi halisi linakubeba kuliko maelezo yako yote. Rudi kwenye kurasa hizohizo za nguo, ila safari hii usichukue picha peke yake, chukua na maandishi ya chini. Maduka mengi ya mtandaoni yanaandika "Model is 178 cm tall and is wearing size M". Ukurasa baada ya ukurasa, is wearing, is wearing, is wearing, kwa sababu mnunuzi anataka kujua. Wape kumi, wakate, watenganishe picha na maelezo halafu waunganishe kwa kuangalia saizi na urefu. Mimi baadae niliwapa tangazo la paka aliyepotea, "She has a white tail. She is wearing a blue collar." Has kwa mkia, is wearing kwa ukanda wa shingoni, vyote viwili kwenye tangazo moja, tofauti inaonekana kwa macho. Halafu kila mmoja akaandika tangazo la mwenzake aliyepotea. Mkitaka kelele ndo hizo.

kalamu_nyekundu
Hii ya *amevaa* sikuwahi kuiona hivyo, miaka yote nakata kwa kalamu nyekundu tu bila kujiuliza. Haya, nakubali nusu. Nusu nyingine ni mtihani, maana mtihani hauji na paka, unaja na sentensi na pengo.

ticha_wa_jioni
Kweli, na hatuwezi kuwatupa watoto bila mazoezi ya aina hiyo. Mimi mwisho wa wiki nachukua andishi lilelile walilolichezea, hali ya hewa au lebo, nafuta "will" zote au "do not" zote, nawapa na mapengo. Dakika kumi. Maneno wanayajua, kwa hiyo pengo linapima grama peke yake na sio kama anajua neno. Kitabu changu sijakitupa pia mkuu, kinakuja baada, sio kabla.

chaki_imeisha
Mrejesho wa Alhamisi. Mwavuli wamegombania mpaka wawili wakanuniana, mmoja anasema Jumatano mwingine Ijumaa, kumbe mmoja alisoma mchana mwenzie usiku, wote wako sawa. "Will" walizikuta tisa, wakazipaka rangi, mmoja akanambia "mwalimu, ile ya siku ile ndo hii hapa, leo hawajasahau kuiandika" 🙈🙈 ikabidi nikiri mbele ya darasa kwamba siku ile nilidanganya, nikawaeleza vichwa vya habari. Hawakunichukia.

Pale kuunganisha na "on Monday" bado wanachanganya, wanaandika "in Monday", "at Monday", nadhani kwa sababu sisi "-ni" yetu inameza yote, mezani, shuleni, sandukuni, halafu siku haina hata kihusishi, Jumatatu ni Jumatatu tu. Hilo nitalifuata wiki ijayo, nimeshaona ratiba za treni zinaweza kunisaidia, on Sundays, at 6:15.

Ila nina dharura. Yule yule wa mbele. "It will rain". Akauliza, mwalimu, *it* ni nani? Nani ananyesha? Nikasema mvua. Akasema lakini mvua ni rain na imeshaandikwa hapo mwisho. Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ni leo jamani, kipindi saa nne.

ticha_wa_jioni
Sio mtu. Kiswahili mvua ndo inanyesha, tuna mtenda wa kweli. Kiingereza "rain" hapo wameigeuza kitenzi, kwa hiyo nafasi ya mtenda imebaki wazi, na Kiingereza hakiwezi kuvumilia nafasi ya mtenda iwe wazi hata kama hakuna mtu. Wanaweka "it" kama unavyoweka begi kwenye kiti ili pasionekane patupu. It is cold, it is late, it is Monday, yote mabegi. Mwambie akatafute mabegi mengine kwenye ukurasa uleule, na mwenzie atafute "it" ambayo ni kitu kweli. Usimwambie wamesahau.

chaki_imeisha
😂😂 Begi kwenye kiti. Naenda nalo hivyo hivyo, nina begi la kweli pia nitaliweka.